Waliosimama Nyuma ya Aminieli

Jumatatu, 10 Machi

Aminieli Kaaya, miaka 22, mkazi wa Kikwe, amefariki leo saa moja na dakika kumi asubuhi, amesema daktari wa zamu. Fuvu lilipasuka kisogoni. Hakuzinduka tangu alipofikishwa jana jioni.

Ninayoyajua hadi sasa: jana saa kumi na nusu alasiri, mvua ya kwanza ya masika ilipoanza, vijana kama sitini walikuwa ndani ya gereji isiyotumika huko Levolosi, mjini, wakicheza dansi katika duara. Lerionka Mollel, miaka 24, muosha magari, alimsukuma Aminieli kifuani kwa viganja viwili. Aminieli akaenda chali, kisogo kikagonga ukingo wa zege wa shimo ambalo mafundi huingia kukagua gari kwa chini. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba ameua. Wapita njia wakaingia, wakampiga Lerionka kwa matofali na mnyororo wa pikipiki mpaka polisi walipofika. Meno mawili nimeyakuta sakafuni leo. Hakuna aliyeyaokota.

Kuna video ya sekunde kumi na tisa. Uso wa Aminieli umepakwa rangi. Mama anayekaanga chipsi ng'ambo ya barabara ameniambia, "Walikuwa wanashindana, baba. Mmoja klauni, mmoja krampu. Mimi nawaona kila Jumapili." Wengine wawili wamesema hivyo hivyo. Klauni na krampu, nimeambiwa, ni mitindo miwili ya dansi ya mtaani. Nimeandika: mcheza klauni asukumwa na mpinzani wake wa krampu, afariki dunia. Habari imeondoka saa nane mchana.

Jumanne, 11 Machi

Ukurasa wa kwanza. Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Lerionka kafikishwa mahakamani, shtaka la mauaji. Hakutakiwa kujibu kitu, kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Dhamana hakuna. Jicho la kushoto limefumba kabisa na mdomo umeshonwa. Upelelezi haujakamilika, shauri litatajwa tena tarehe 27.

Mama yake, Resiato, alishuka na gari la alfajiri kutoka upande wa magharibi wa mlima. Alinifuata nje, chini ya upenu.

"Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndiye mimi, mama."

"Huyo Aminieli amelala kwangu Krismasi. Wamekula sahani moja, wamechunga ng'ombe wangu siku tatu wakirukaruka kama wendawazimu. Andika hilo."

Sikuandika. Mama wa mshtakiwa husema hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Mazishi, Kikwe. Kwaya ya usharika iliimba mvua ikinyesha juu ya turubai. Baba wa marehemu, Mzee Eliud Kaaya, alisema maneno machache: "Mwanangu alikuwa anachekesha watoto wa watu. Nani anamuua mtu anayechekesha watoto?" Watu wakaguna.

Dada yake, Tabitha, miaka 26, ndiye kiongozi wa kundi la klauni Levolosi. Huwapaka watoto nyuso na kucheza kwenye sherehe za kuzaliwa na za kipaimara. Alipovua buti mlangoni niliona soksi zake hazifanani: moja ya kijani, nyingine ya mistari ya njano. Wenzake wote wa kundi nao zao hazikufanana, kila mmoja na rangi zake. Nimeambiwa ndio mtindo wao, na leo wameuvaa kwa heshima ya marehemu.

Vijana watatu wa krampu walikuja na shada la maua. Walitambuliwa kabla hawajafika kaburini. Waliburutwa migombani wakapigwa kwa mipini ya majembe. Niliwafuata. Aliyepigwa zaidi ni Solomoni, mwenye gereji ya kuziba pancha, ndiye anayeongoza duara lao. Nilihesabu mapigo kumi na nne, la kumi na tano likatua begani kwangu. Solomoni alikuwa amepiga magoti kwenye tope, damu inatoka sikioni, akaninyooshea kidole kilichovunjika.

"Mzee, kwa nini uliandika mpinzani?"

Wakamvuta kabla sijamjibu.

Jumatatu, 17 Machi

Bega limevimba. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Spika ya kundi la klauni imevunjwa kwa nyundo sokoni, saa nne asubuhi. Agnela, mmoja wa wachezaji wao, amepigwa jiwe la kinena. Anatembea.

Jumamosi, 22 Machi

Solomoni amekatwa panga mkono wa kulia, saa sita mchana, kwenye gereji yake, watu wakiangalia. Aliyemkata alisema, "Hiki ni cha Aminieli," akaondoka kwa miguu, bila haraka. Mfupa haukukatika.

Alhamisi, 27 Machi

Mahakamani. Upelelezi haujakamilika. Kutajwa tena 10 Aprili. Resiato alikuwepo, amekaa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Jicho la Lerionka limefunguka. Hawakuruhusiwa kusalimiana.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemtembelea Solomoni wodini. Mkono uko kwenye bandeji hadi kiwikoni. Nilikuwa na video kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Bega vipi?"

"Marahaba. Linapona. Nieleze nilichokosea."

Alicheka, akashika mbavu. "Kukueleza ni mwaka. Ngoja. Hizi mbili ni ndugu. Klauni ndiyo kaka, alizaliwa kwanza. Krampu ni mdogo aliyekataa kwenda kwenye birthday za watoto. Sawa? Kifua ni kile kile, mikono ile ile. Mtu wa nje hawezi kujua. Lakini klauni anakaa juu ya vidole, ngumi yake ikifika mwisho inafunguka, inakuwa mzaha. Ya kwetu haifunguki. Mguu unapiga chini kama unavunja kitu. Ukituangalia unasema hawa wanauana."

"Nilisema hivyo."

"Uliandika hivyo. Sasa niambie, huyu hapa ni nani?" Akagonga uso wa Aminieli kwenye simu.

"Klauni. Ana rangi."

"Rangi gani, mzee?"

Nikaisimamisha video, nikaivuta picha. Rangi ya klauni nimeiona mara nyingi mjini: mdomo mweupe hadi mashavuni, pua nyekundu. Uso wa Aminieli haukuwa na hayo. Ulikuwa na mistari miwili ya udongo mwekundu, kutoka chini ya macho hadi tayani, upana wa dole gumba.

"Hilo ni dole la Lerionka," Solomoni akasema. "Ni kanuni yetu. Huingii duarani mpaka rafiki yako akupake. Na aliyekupaka ndiye pekee anayeruhusiwa kukusukuma. Ukianza kuishiwa, anakusukuma kifuani, kwa nguvu zote. Unakwenda nyuma, walioko nyuma wanakudaka, wanakurudisha kati. Unarudi na moto. Mpinzani hagusi. Mpinzani akikugusa tunamfukuza. Wewe umeandika aliyemgusa ni mpinzani."

"Aminieli alikuwa krampu."

"Alikuwa na miezi mitano kwetu. Kwao alificha. Dada yake anasema sisi tunacheza vita."

Nikamuuliza swali lililobaki. "Walioko nyuma walikuwa wapi?"

Solomoni akageukia dirishani. "Hilo sijui. Mimi nilikuwa upande wa Lerionka. Nilisikia kichwa tu."

Jumamosi, 29 Machi

Kama Solomoni anasema kweli, Resiato alisema kweli tarehe 13, nami niliiacha. Nimemtafuta wakili wa Lerionka, Evaresta Shirima. Yuko safarini hadi wiki ya pili ya Aprili.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua kubwa. Daraja la kwenda Nduruma limefunikwa na maji.

Jumapili, 6 Aprili

Nilitaka kuona kwa macho. Solomoni, mkono ukiwa kwenye kitambaa, aliwakusanya watu wake sita katika ile gereji ya Levolosi saa nne asubuhi. Agnela akaja na watatu wa klauni, kwa sharti kwamba hakuna kupigana. Walisimama kuta mbili tofauti. Tulilifunika lile shimo kwa mbao na tukatandika magodoro mawili.

Kwanza niliwatazama. Kijana wa krampu alicheza dakika mbili. Mshipa wa shingo ulisimama, alipiga ngumi hewani mbele ya pua ya mwenzake, akajipiga kifua mpaka kikawa chekundu. Walimzunguka wakimfokea kama mbwa walioona nyoka. Akasukumwa. Mikono minane ikamdaka mgongoni na kumtupa tena kati. Alikuwa anacheka. Kisha Agnela akacheza, kifua kile kile, ngumi zile zile, juu ya vidole, na kila ngumi ikaishia kwenye kiganja kilichofunguka chini ya kidevu cha mtu. Alipoelekea kwa wenzake walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kama pazia. Hakuguswa.

Nikaomba nisukumwe.

"Mzee una miaka mingapi?" Solomoni akauliza.

"Hamsini na nane."

"Ukivunjika nitaandikwa mimi."

Alinipaka matope chini ya macho. Solomoni akanisukuma kwa mkono wake mzima. Nilikwenda nyuma hatua tatu, mikono ikanipokea na kunirudisha kabla sijaogopa. Ndipo nikaomba wale wa klauni wasimame nyuma yangu. Sikuwaambia wafanye nini. Akanisukuma tena kwa nguvu ile ile.

Nilianguka chali kwenye godoro. Agnela na wenzake walikuwa wamefungua njia, pande mbili. Agnela alikuwa ameshika mdomo.

"Samahani, baba. Samahani. Sisi mtu akija kwetu tunampisha. Ndiyo heshima yenyewe. Mwili umezoea."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha Solomoni akamuuliza, taratibu, "Agnela. Siku ile mvua ilipoanza, nyie mliingilia mlango upi?"

"Wa nyuma," Agnela akasema. "Mlikuwa mmeshaanza. Tulisimama palipokuwa wazi."

Kijana mmoja wa krampu alimrukia. Walimshika watatu. Alipiga teke, likampata mwenzake gotini. Tuliondoka kwa milango miwili.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeitazama video mara arobaini, kipande kwa kipande. Sekunde ya kumi na mbili, nyuma ya Aminieli, inaonekana miguu tu. Jozi sita. Nne zina soksi zisizofanana. Iliyo katikati, karibu zaidi na mgongo wake: moja ya kijani, moja ya mistari ya njano. Sekunde ya kumi na tatu jozi hiyo haipo mahali pake.

Alhamisi, 10 Aprili

Upelelezi haujakamilika. Kutajwa tena 24 Aprili.

Evaresta amerudi. Amenionyesha alichonakili kuhusu mashahidi.

"Watatu wamesema 'mpinzani wake wa krampu'. Maneno hayo hayo, mpangilio huo huo. Watu watatu wasiofahamiana. Unajua wameyatoa wapi, Bwana Nnko?"

"Kwangu."

"Rafiki aliyemsukuma rafiki mchezoni ni kosa moja. Mpinzani aliyemsukuma mpinzani ni kamba. Leta kitu."

Nimempa video na maelezo ya gerejini. Amesema picha ya soksi haizungumzi mahakamani. Anataka mwenye soksi.

Ijumaa, 11 Aprili

Marekebisho yametoka, ukurasa wa tatu, maneno mia moja na ishirini. Mhariri alitaka tuseme taarifa za awali zilikuwa na utata. Nilikataa. Tumesema zilikuwa na makosa na mwandishi ni mimi. Habari ya soksi sijaiandika. Mtu huyo hajaulizwa bado.

Jumamosi, 12 Aprili

Jiwe limepita dirisha la ofisi. Limefungwa karatasi: UMEHONGWA NG'OMBE.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya ibada ya pili, vijana wa Kikwe walikuja na lori Levolosi, vijana wa huko waliwasubiri na nondo. Majeruhi kumi na mmoja, amesema mkuu wa zamu kituoni. Mmoja amepoteza jicho. Nilimwona amelishika kwa leso, anauliza wapita njia kama linaweza kurudishwa. Ana miaka kumi na tisa, na hachezi krampu wala klauni. Anauza miwani.

Alhamisi, 24 Aprili

Upelelezi haujakamilika. Lerionka amekonda. Kutajwa tena 8 Mei.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda Kikwe. Nimechelewa kwenda wiki tatu, na sababu ya kuchelewa ni kwamba nilijua nitakachokisikia. Katika wiki hizo mtu amepoteza jicho.

Tabitha alikuwa anapalilia maharage, peke yake, buti zimejaa tope. Alinisalimia kwa heshima bila kuacha jembe. Nilisema nimekuja kuuliza jambo moja, na kwamba akikataa nitaondoka na sitaandika jina lake.

"Uliza."

"Sekunde ya kumi na tatu ulikwenda wapi?"

Alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Akageuka, akaja na mstari wa pili hadi nilipokuwa nimesimama.

"Kulia," akasema. "Nilikwenda kulia. Hatua moja."

Akang'oa gugu moja, akalitupa pembeni.

"Nilikuwa sijui yumo mle. Tuliingia kukwepa mvua, nikaona mgongo. Mgongo wa mdogo wangu unaujua hata gizani. Nikasema, kumbe. Kumbe ndiko anakokwenda Jumapili. Nikasogea karibu nimshike sikio. Halafu akaja kinyumenyume, upesi, nami nikampisha." Akashika jembe kwa mikono miwili. "Miaka sita nawafundisha watoto. Mtu akija, mpishe. Namfundisha yeye mwenyewe, Aminieli, tangu ana miaka kumi na sita. Kama ningekuwa mjinga tu, mtu asiyejua kucheza, ningenyoosha mikono. Mtu yeyote angenyoosha mikono."

"Lerionka unamfahamu?"

"Alikuja hapa mwaka jana kuvuna mahindi. Aminieli alisema ni rafiki wa kuosha magari. Alimbeba bibi mgongoni kumpeleka zahanati." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilimwona akipigwa matofali. Alikuwa anasema 'mdakeni, mdakeni', na Aminieli yuko chini tayari. Nilijua maana yake. Nilinyamaza."

"Ukisema, shtaka linaweza kubadilika. Siwezi kukuahidi."

"Na mimi nitashtakiwa?"

"Wakili anasema kumpisha mtu si kosa. Nyumbani sijui watasema nini."

"Nyumbani najua," akasema. "Baba ameapa hatanyoa ndevu mpaka Lerionka anyongwe."

Akarudi kwenye maharage. Nilipofika barabarani nilisikia jembe likigonga jiwe, mara moja, mara mbili, mara nyingi, mahali pamoja.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imepungua. Mlima umeonekana asubuhi, dakika kumi.

Jumanne, 6 Mei

Evaresta amenipigia saa tano. Nilikuta Tabitha na Mzee Eliud wamekaa benchi la kituo cha polisi, wanasubiri kuandikisha maelezo. Mdomo wa Tabitha umepasuka na shavu la kushoto lina alama ya vidole vinne. Mzee alikuwa amevaa koti la ibada. Ndevu zimefika shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyempiga," akasema kabla sijauliza. "Jana, aliponiambia. Nilimpiga kofi moja, la pili mkono ukakataa. Andika au usiandike."

"Na leo?"

"Leo nimemleta. Ningemwachaje aje peke yake?"

Tabitha hakugeuka. Alikuwa anatazama sakafu, buti zake zimekaa sambamba. Maelezo yamechukua saa mbili na nusu. Walipotoka, mzee alitangulia, akasimama ngazini, akangoja mpaka binti yake akafika bega kwa bega ndipo akaendelea kushuka.

Alhamisi, 8 Mei

Upande wa mashtaka umesema jalada limepelekwa juu likiwa na maelezo mapya. Kutajwa tena 22 Mei. Nimeandika habari hiyo bila jina la Tabitha.

Ijumaa, 9 Mei

Kikwe wamejua. Maharage ya Mzee Eliud yamefyekwa usiku, shamba zima.

Jumatano, 14 Mei

Solomoni amekwenda Kikwe na vijana wanne wa krampu, mchana, wakapanda upya mistari yote. Mvua imebaki kidogo, yanaweza yasikomae. Watu walisimama barabarani na mipini ya majembe wakiwaangalia. Hakuna aliyepigwa. Mkono wa Solomoni haufungi ngumi. Alifukia mbegu kwa mguu.

Alhamisi, 22 Mei

Wakili wa Serikali ameiambia mahakama leo saa tatu na robo kwamba jalada limerudi na maelekezo ya kubadili hati ya mashtaka, kutoka mauaji kwenda kuua bila kukusudia. Resiato hakuelewa. Evaresta akamweleza mara mbili, ya pili kwa Kimaasai cha kubabaisha. Akauliza kama mwanawe anarudi nyumbani. Akaambiwa bado, lakini sasa dhamana inaweza kuombwa. Akakaa.

Walipowatoa mahabusu, koridoni palikuwa na watu wengi. Askari alitangulia akisema "pisheni, pisheni", na watu wakabanana ukutani, pande mbili, njia ikafunguka hadi kwenye gari. Lerionka alikuwa wa tatu, pingu mikononi. Tabitha alikuwa katikati ya korido. Hakupisha.

Askari akamwambia, "Dada, pisha." Akabaki. Lerionka akasimama mbele yake, nusu mita. Mdomo wake ulikuwa umebonyea mahali meno yalipokuwa.

"Dada Tabitha," akasema. "Mimi nilidhani ni watu wetu nyuma."

"Najua," akasema Tabitha.

Askari akamshika bega akamsogeza. Msafara ukaendelea.

Hati mpya itasomwa na maombi ya dhamana yatasikilizwa Alhamisi, tarehe 5 Juni, saa tatu asubuhi. Wadhamini wawili wanatakiwa. Mmoja ni mjomba wake Lerionka. Wa pili, amesema Evaresta, amejiandikisha leo mchana: Eliud Kaaya, mkulima, wa Kikwe.